Breki Zilikataa! Ni Nini Hasa Hukataa Mteremkoni?

Ajali kubwa ikitokea kwenye mteremko, neno la kwanza tunalosikia ni lile lile: "Breki zilikataa." Dereva akipona atasema hivyo, tanboi atasema hivyo, na redio nayo itatangaza hivyo. Kisha tunachanga pesa, tunazika watu wetu, na mambo yanaishia hapo. Ni wachache wanaouliza swali la pili: zilikataa kwa nini? Asubuhi zilikuwa zinashika. Pale petroli stesheni zilishika vizuri. Mbona zikatae katikati ya mteremko, pale pale zinapohitajika zaidi?

Jibu lake halina uchawi wala bahati mbaya. Mara nyingi breki hukataa kwa sababu zimechoka kwa joto, na joto hilo limetokana na jinsi gari lilivyoendeshwa au jinsi lilivyotunzwa. Hili ni jambo ambalo dereva wa kawaida, hata yule wa gari dogo la nyumbani, anaweza kulielewa na kulizuia.

Nchi yetu ina miteremko mingi. Iko ile ya kuingia Bonde la Ufa kupitia barabara ya zamani ya Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano miaka ya 1940, pamoja na kile kikanisa kidogo walichokiacha kando ya njia. Iko ya kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan mpaka Salgaa. Iko ya daraja la Nithi kwenye barabara ya Meru, ambako mwezi wa Julai 2022 basi lilitumbukia mtoni na watu zaidi ya 30 wakafa. Na tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawavamia wachuuzi na watu waliokuwa wakingojea matatu kando ya barabara. Waliokufa walikuwa zaidi ya 50. Wengi wao hawakuwa ndani ya gari lolote. Walikuwa wakiuza mboga.

BREKI NI KAMA JIKO

Tuanze na jambo ambalo shule nyingi za udereva hazilifundishi. Unapokanyaga breki, mwendo wa gari haupotei hivi hivi. Unageuka kuwa joto. Brekipedi inasugua diski, au laining inasugua dramu, na vitu viwili vikisuguana vinapata moto, kama vile unavyosugua viganja asubuhi ya baridi kule Kinangop. Kwenye barabara tambarare unakanyaga mara moja, joto linatoka, upepo unapoza, mambo yanaendelea. Mteremkoni hakuna nafasi ya kupoa. Gari linavutwa chini kila sekunde, na wewe unalizuia kila sekunde.

Joto hilo ni kiasi gani? Hebu tupige hesabu. Chukua gari dogo lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na watu na mizigo. Likishuka kimo cha mita 500 (si urefu wa barabara, ni kimo cha kutoka juu mpaka chini), nguvu inayotoka inatosha kuchemsha mtungi mzima wa maji wa lita 20, kutoka maji baridi mpaka yatokote. Sasa chukua lori la tani 30 kwenye mteremko huo huo. Hilo litachemsha zaidi ya lita 400, yaani zaidi ya mapipa mawili makubwa. Upepo na tairi huchukua sehemu ya nguvu hiyo, lakini sehemu kubwa iliyobaki lazima iende mahali. Kuna mahali pawili tu pa kuipeleka: kwenye injini au kwenye breki. Dereva ndiye anayechagua.

Na mwendo nao una hesabu yake. Gari likienda kilomita 80 kwa saa halina nguvu mara mbili ya lile linalokwenda 40. Lina nguvu mara nne. Ndiyo maana dereva anayeanza mteremko akiwa mbio ameshajiletea taabu kabla hata ya kugusa breki.

SASA NI KITU GANI KINACHOKATAA?

Kuna mambo matatu au manne, na kila moja lina dalili yake.

La kwanza ni laining au brekipedi zenyewe. Zimetengenezwa zivumilie joto mpaka kiasi fulani. Diski ikipita digrii 300 na zaidi, pedi nyingi za bei rahisi huanza kuteleza badala ya kushika. Dereva atasikia harufu kali, kama ya klachi iliyoungua, na ataona anakanyaga kwa nguvu zaidi na zaidi lakini gari halipungui. Pedali bado ni ngumu, ila gari halisikii.

La pili ni dramu. Chuma kikipata moto hupanuka. Dramu ikipanuka inaikimbia laining, kwa hiyo mguu unakwenda chini zaidi ndipo zikutane. Magari mengi madogo yana diski mbele na dramu nyuma. Malori mengi tunayoyaona barabarani yana dramu kila mahali.

La tatu, na hili ndilo linalowashangaza watu, ni mafuta ya breki. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, hata kama kifuniko kimefungwa. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 huchemka kwenye digrii 205 au zaidi. Yakishanyonya maji kidogo tu, chini ya asilimia 4, yanaruhusiwa kushuka mpaka digrii 140. DOT 4 yakiwa mapya ni 230, na yakinyonya maji ni 155. Kwa hiyo gari ambalo halijabadilishwa mafuta ya breki kwa miaka mitano linatembea na mafuta ambayo joto la mteremko mmoja mrefu linaweza kuyachemsha. Na yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke unabonyea kama puto. Unakanyaga pedali, inakwenda mpaka chini, laini kama unakanyaga sponji, na gurudumuni hakuna kitu kinachofika.

Tena kuna ujanja wake mbaya. Mara nyingine mafuta huchemka baada ya kusimama. Ukiwa unatembea upepo unapoza diski kidogo. Ukisimama kununua mahindi ya kuchoma chini ya mteremko, joto la diski linahamia kwenye mafuta. Unamaliza mahindi, unawasha gari, unakanyaga, pedali haipo. Fundi anakuja saa moja baadaye, breki zimepoa, zinashika vizuri kabisa, na anakuambia, "Mzee, hii gari haina shida." Shida iko. Imelala tu.

La nne linahusu malori na mabasi yenye breki za upepo. Hizi upepo ukiisha hujifunga zenyewe, na kwa sababu hiyo madereva wengine hudhani hawawezi kamwe kukosa breki. Si kweli. Zikijifunga kwenye dramu iliyoungua, bado ni laining inayoteleza. Na breki zisiporekebishwa mara kwa mara, ule mkono unaosukuma laining huishia njiani, hasa dramu ikiwa imepanuka. Geji ya upepo inaonyesha vizuri, lakini gurudumuni nguvu ni kidogo.

KUHUSU KUACHIA FRI

Hapa lazima tuseme wazi, maana ni desturi iliyoua watu. Dereva akifika juu ya mteremko anatoa gia, anaachia gari fri, ati anaokoa mafuta. Wengine huzima injini kabisa.

Muulize naye atakujibu, "Boss, hii ni dizeli ninaokoa. Mwisho wa mwezi inaonekana." Labda zamani, kwenye gari la kabureta, alikuwa na hoja kidogo. Kwa magari ya leo yenye injekta zinazoongozwa na kompyuta, hesabu yake imegeuka. Ukitoa mguu kwenye mafuta gari likiwa ndani ya gia, kompyuta huona kwamba magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, basi inakata mafuta kabisa. Haitumii hata tone. Lakini ukiweka fri, injini haina cha kuizungusha, kwa hiyo lazima ichome mafuta ili isizime. Yaani anayeachia fri ndiye anayetumia mafuta, na yule aliyebaki kwenye gia anateremka bure.

Mbaya zaidi, gia ndiyo breki yako kubwa kuliko zote na haiungui. Ukiitoa, mapipa yote yale mawili ya maji yanayochemka umeyapeleka kwenye breki za magurudumu. Na lori zito likishachukua mwendo, kurudisha gia ya chini huwa ni kazi bure. Gia inalia tu, haiingii. Hapo dereva hana injini, na baada ya dakika chache hana breki.

Anayezima injini naye amejifunga mikono. Usukani unakuwa mzito kwa sababu pampu yake haizunguki. Kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki kinabakiwa na nguvu ya mara mbili tatu tu, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Akitoa ufunguo wa kawaida, usukani unaweza kujifunga kabisa.

GARI LA OTOMATIKI LINA GIA PIA

Siku hizi magari mengi madogo tunayonunua yametumika Japani kwanza, yakaletwa hapa kabla hayajapita miaka minane, na mengi ni otomatiki. Watu huweka D kutoka Nairobi mpaka Kisumu, hawajui zile herufi nyingine ni za nini. Wengine huziogopa, ati zitaharibu gia.

Hizo zimewekwa kwa ajili ya mteremko. Kutegemea aina ya gari, utaona S, B, L, au namba 2 na L. B inakupa breki ya injini. L ni gia ya chini kabisa. Kwenye magari mengine kuna kitufe kidogo kando ya mkono wa gia. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi. Watu wengi wakiiona wanadhani gari limeharibika. Kumbe maana yake ni kwamba gari limezuiwa kuingia gia ya juu kabisa, na hicho ndicho unachotaka unapoanza kushuka. Ukifika chini unakibonyeza tena taa izime.

Pita juu ya mteremko ukiwa pole pole, halafu ndipo ubadilishe. Usingoje gari lifike 90 ndipo uvute L. Injini italia kwa sauti kubwa zaidi kuliko ulivyozoea. Hiyo si kuumia, ni kazi inafanya. Almradi sindano ya mizunguko haijaingia kwenye sehemu nyekundu, iache ilie.

Kwa gari la gia za mkono, wazee wa zamani walikuwa na sheria yao: teremka na gia uliyopandia. Ni sheria nzuri, lakini magari ya siku hizi yana nguvu na yanaweza kupanda na gia ya nne. Basi kwa kushuka punguza moja zaidi. Kama unajikuta unashika breki kila kona, gia yako bado ni kubwa. Malori ya dizeli nayo injini zake pekee hazizuii sana, ndiyo maana yamewekewa breki ya moshi, ile swichi inayoziba ekzosti. Mwenye lori ambaye imeharibika na haitengenezi ajue amepoteza kitu gani.

NAMNA YA KUKANYAGA

Kosa la kawaida la madereva waoga (nao ni watu wazuri) ni kuweka mguu kidogo kidogo juu ya breki kutoka juu mpaka chini. Wanadhani wanazihurumia breki. Wanazipika. Zinasuguana bila kupumzika hata dakika moja.

Afadhali hivi: chagua mwendo wa salama, tuseme 50. Ukiwa kwenye gia ya chini, acha gari lifike 50, kanyaga kwa nguvu ya kutosha mpaka lirudi kama 40, kisha toa mguu kabisa. Likifika 50 tena, rudia. Kati ya mara moja na nyingine, upepo unapita na chuma kinapoa. Kama unarudia kila baada ya sekunde chache, gia bado ni kubwa, punguza nyingine. Na kabla hujaanza kushuka, jaribu breki pale juu palipo tambarare. Ni kazi ya sekunde tatu.

Wengine watauliza kuhusu ABS, maana muuzaji wa gari huitaja kama kinga ya kila kitu. ABS ilianza kuuzwa kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978, na kazi yake ni moja: kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga ghafla, ili uweze bado kugeuza usukani. Ukiisikia inatetemeka mguuni, usiache wala usipampu. Endelea kukanyaga na kukwepa. Kwenye murram yenye kokoto inaweza hata kukupeleka mbele kidogo zaidi kabla ya kusimama. Lakini ABS haipozi breki na haichemshui mafuta yaliyochemka. Na taa yake ya njano ikiwa inawaka daima kwenye dashibodi, huna ABS.

UKIENDA KWA FUNDI

Mwambie abadilishe mafuta ya breki yote kila miaka miwili, si kuongeza tu. Kuongeza kunaficha mambo mawili: pedi zinazokwisha na mahali panapovuja. Mafuta mapya huwa na rangi kama chai nyepesi isiyo na maziwa. Yakiwa meusi kama kahawa, umechelewa. Nunua kichupa kilichofungwa na kifunguliwe mbele yako. Kile kilichokaa kwenye rafu ya fundi nusu mwaka kikiwa wazi kimeshakunywa maji yake. Baada ya kubadilisha, lazima atoe upepo kwenye kila gurudumu.

Usikubali atie oili ya injini, mafuta ya gia, wala maji ya sabuni, hata kama ni "ya kukufikisha nyumbani tu". Oili huvimbisha mipira ya ndani na mfumo mzima unaharibika. Tena kuna mtindo wa njiani wa kukunja au kuziba paipu ya gurudumu linalovuja ili safari iendelee na breki za magurudumu mengine. Gari hilo litasimama kwenye tambarare, na litakuvuta upande mmoja kwenye mteremko. Na vumbi la breki asilipulize kwa upepo wa kompresa watu wakiwa karibu, kwa sababu laining za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi hilo huharibu mapafu.

IKITOKEA ZIMEKATAA

Usizime injini na usiweke fri. Pampu pedali haraka haraka mara kadhaa. Kama ni mvuke au panavuja, mara nyingi utapata breki kidogo. Shusha gia moja moja. Handibreki ivute pole pole huku umebonyeza kile kitufe chake, ili uweze kuiachia magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza. Washa hazadi, piga honi bila kuacha, watu watoke njiani. Kama hakuna lingine, sugua gari upande wa mlima, kwenye mtaro au ukingo wa udongo, kuliko kuelekea bondeni au sokoni. Asiruke mtu. Anayebaki ndani akiwa amefunga mkanda ana nafasi nzuri kuliko anayeruka, na mikanda hiyo iko kwenye matatu kwa lazima tangu sheria za Michuki zilipoanza kufanya kazi Februari 2004.

VIKUNDI VINAVYOKODI GARI

Vikundi vya akina mama, kwaya na kamati za mazishi hukodi basi au lori mara kwa mara, na kwa kawaida swali huwa ni moja tu: bei gani? Mweka hazina ana haki ya kuuliza zaidi kabla hajatoa pesa. Muulize dereva mbele ya watu: breki zilirekebishwa lini? Breki ya moshi inafanya kazi? Unateremka na gia gani? Dereva mzuri hatakasirika, atafurahi kuulizwa. Akicheka na kusema, "Mama, mimi hii barabara naijua", hajajibu swali. Na tuseme ukweli, mara nyingine kosa ni letu. Gari la watu 33 tunalipakia 50, pamoja na jeneza na sufuria za chakula, halafu tunamhimiza dereva awahi mazishi. Kila kilo tunayoongeza inaongeza moto kwenye zile dramu.

Abiria mkisikia harufu ya kuungua mteremkoni, au mkiona moshi gurudumuni, semeni mara moja, gari lisimame mahali palipo wazi. Likisimama, dereva asimwage maji kwenye diski au dramu, maana chuma chenye moto hupasuka kikimwagiwa maji baridi. Asivute handibreki kwa nguvu dramu zikiwa zimewaka. Aliache kwenye gia na kuweka mawe chini ya magurudumu. Mngoje nusu saa au zaidi, mpaka mkono uweze kukaribia rimu bila kusikia joto. Kisha ajaribu pedali gari likiwa limesimama. Ikiwa bado ni laini, safari imeishia hapo mpaka fundi afike. Ikiwa ni ngumu, ashuke na gia ya kwanza au ya pili, pole pole, na tanboi ayaondoe yale mawe barabarani kabla hajapanda. Usiku kuna mtu wa pikipiki anakuja nyuma yenu.